Mwongozo Kamili wa Kuhamia Kisiwa Kidogo cha Ugiriki na Kufungua Duka

Wanaoshindwa katika jambo hili hushindwa kwa namna inayofanana. Hufika mwezi Juni wakiwa na fedha na mabegi ya bidhaa, hukuta kila fremu ya duka imeshapangishwa, hutumia Julai wakifuatilia namba ya kodi na akaunti ya benki, na siku mashine ya risiti inapoanza kufanya kazi, watalii wamekwisha kupanda meli kurudi kwao. Tatizo lao si uvivu wala uchache wa mtaji. Walianza na bidhaa, ambayo ni hatua ya sita, wakaziacha tano za mwanzo.

Kwa hiyo mwongozo huu unahesabu kurudi nyuma. Lengo ni kufungua mlango wiki mbili kabla ya Pasaka ya Kiorthodoksi, ambapo Wagiriki wenyewe hurudi visiwani na msimu huanza. Pasaka hiyo mara nyingi haiangukii siku moja na ya Wakatoliki na Waprotestanti. Kwa mwaka 2027 itakuwa tarehe 2 Mei. Mfano wetu utakuwa Amorgos, kisiwa cha kundi la Cyclades chenye wakazi takriban elfu mbili, bandari mbili za Katapola na Aegiali, na mji wa juu mlimani uitwao Chora. Hakina uwanja wa ndege, na meli ya kawaida kutoka Piraeus, bandari ya Athene, huchukua saa saba hadi tisa au zaidi, kutegemea inatia nanga wapi njiani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti, pamoja na hati inayothibitisha kwamba una haki ya kufanya biashara Ugiriki (soma hatua ya 1 kabla ya kununua tiketi).
- Cheti cha kuzaliwa na cha ndoa, vikiwa vimethibitishwa kisheria na kutafsiriwa rasmi kwa Kigiriki. Kwa vyeti vya nchi isiyomo katika mkataba wa Apostille, unaorahisisha kutambuliwa kwa hati za nchi nyingine, uthibitisho hupitia wizara ya mambo ya nje na ubalozi wa Ugiriki. Kwa Kenya ubalozi huo uko Nairobi.
- Fedha za kujikimu kwa miezi minane bila mauzo hata ya senti moja, zikiwa kando na mtaji wa duka. Fungu hili likichanganywa na mtaji, litaliwa kabla ya Machi.
- Laini ya simu ya Ugiriki iliyosajiliwa kwa jina lako, kwa sababu huduma za serikali na benki hutuma namba za uthibitisho humo.
- Mhasibu anayefahamu biashara za visiwani, uliyekwisha zungumza naye gharama zake za mwezi.
- Kigiriki cha kusoma herufi, kusalimia, kutaja bei na kuelewa tangazo la bandari.

## Hatua ya 1: Hakikisha una haki ya kufanya biashara

Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika, tena kwa watu waliokwisha lipa kodi ya pango. Ugiriki inagawa watu katika makundi matatu, na lazima ujue uko kundi gani.

Ukiwa na uraia wa nchi ya Umoja wa Ulaya, mathalani Mkenya aliyechukua uraia wa Ujerumani au Mkongo mwenye uraia wa Ubelgiji, unaweza kuhamia na kujiajiri bila viza. Ukikaa zaidi ya miezi mitatu, unatakiwa kwenda polisi kuchukua cheti cha usajili wa raia wa Umoja.

Ukiwa mwenza wa raia wa Umoja wa Ulaya anayehamia Ugiriki pamoja nawe, unaomba kadi ya ukaazi ya mwanafamilia, ambayo kwa kawaida hudumu miaka mitano na inaruhusu kufanya kazi na kujiajiri. Cheti cha ndoa kilichothibitishwa ndicho msingi wa ombi lote, na ndiyo maana kimetajwa mapema.

Kundi la tatu ni la wote waliobaki, wakiwamo wenye pasipoti ya Uingereza tangu 2021. Kwao mlango ni mwembamba sana. Kibali cha kawaida cha ukaazi ulichopewa Italia au Uholanzi hakikuruhusu kufungua duka Ugiriki. Viza ya mtu anayejitegemea kifedha, inayodai kipato cha angalau euro 3,500 kwa mwezi, inakataza kufanya kazi nchini humo. Kibali cha mwekezaji wa majengo, ambacho tangu Septemba 2024 kwa kawaida huanzia euro 400,000 katika visiwa vyenye wakazi wasiozidi 3,100 na euro 800,000 katika vile vinavyozidi idadi hiyo, si njia ya mwenye duka dogo. Aliye katika kundi hili amlipe wakili wa uhamiaji wa Ugiriki kwa ushauri wa saa moja kabla ya kutumia fedha nyingine yoyote.

Onyo: usikubali ushauri wa kufungua duka kwa jina la rafiki mwenye uraia huku wewe ukiwa ndiye mwuzaji. Mkaguzi wa kazi akikukuta nyuma ya meza bila usajili, faini ya kumweka mfanyakazi asiyesajiliwa ni euro 10,500, na rafiki ndiye atakayeilipa.

Hatua hii imekamilika pale unaposhika karatasi mkononi. Ahadi ya afisa wa dirishani kwamba “itawezekana” haihesabiki.

## Hatua ya 2: Ishi kisiwani majira ya baridi

Fika Oktoba. Wengi huiona hatua hii kama anasa, na nadhani hakuna nyingine inayookoa fedha kuizidi.

Sababu ya kwanza ni makazi. Katika visiwa vya Cyclades, nyumba nyingi hupangishwa kuanzia Septemba hadi Juni tu, kisha mwenye nyumba huzirudisha kwa watalii wanaolipa kwa usiku. Walimu na madaktari wanaopangiwa kazi visiwani hukumbwa na adha hiyo kila mwaka. Sheria ya Ugiriki inampa mpangaji wa makazi kinga ya miaka mitatu hata kama mkataba umeandikwa muda mfupi zaidi, lakini katika kijiji ambacho mwenye nyumba ni binamu wa mwenye fremu unayoitaka, kinga ya sheria haina nguvu sana. Tafuta nyumba ambayo mwenyewe anataka mpangaji wa mwaka mzima, na umwulize swali hilo waziwazi kabla ya kusifia mandhari.

Sababu ya pili ni bahari. Upepo unapofika kiwango cha 8 cha Beaufort, mamlaka ya bandari huzuia meli kutoka. Kwa meli za kasi zuio huja mapema zaidi. Majira ya baridi ratiba ni chache, na zuio la siku mbili au tatu huacha rafu za dukani bila maziwa wala mboga. Simama gatini Katapola jioni ya Januari, siku meli kubwa inapofika baada ya zuio. Mlango wa nyuma hushuka, malori hutoka kwa dakika chache, na kila mwenye duka yupo pale na gari lake dogo akisoma majina yaliyoandikwa kwa kalamu nene juu ya maboksi. Hapo utajua ni nani anayeuza nini, nani anapokea mzigo wa nani, na kitu gani watu wa kisiwani hukihitaji wasikipate. Hakuna utafiti wa soko wenye thamani zaidi ya huo.

Usisahau afya. Amorgos ina kituo cha afya Chora, lakini hospitali kuu ya mkoa iko Ermoupoli, kisiwani Syros. Mwenye maradhi ya kudumu apime jambo hili kabla ya kujifunga. Vilevile mwezi Februari 2025 matetemeko mfululizo kati ya Santorini na Amorgos yalifunga shule na kusababisha hali ya dharura kutangazwa. Bima ya duka na ya bidhaa isiachwe kwa kisingizio cha kubana matumizi.

Dalili ya kufaulu ni kwamba ifikapo Januari, mwenye mkahawa anakutajia fremu iliyo wazi kabla hujamwuliza.

## Hatua ya 3: Namba ya kodi, hifadhi ya jamii na benki

Anza na AFM, namba ya mlipakodi yenye tarakimu tisa, sawa na TIN ya Tanzania au PIN ya KRA. Bila hiyo huwezi kupanga nyumba, kuunganisha umeme wala kufungua akaunti. Hutolewa na mamlaka ya mapato, AADE, na maombi yanaweza kufanywa kwa mazungumzo ya video. Anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya hutakiwa kuwa na mwakilishi wa kodi nchini Ugiriki.

Ukishapata AFM, omba nywila za mtandao wa AADE, kisha AMKA, namba ya hifadhi ya jamii yenye tarakimu kumi na moja. Benki huja mwisho, kwa kuwa itadai AFM, uthibitisho wa anwani, uthibitisho wa kipato na namba ya simu. Vituo vya huduma kwa wananchi, KEP, vilivyo chini ya manispaa, husaidia katika mengi ya haya, na karani wa KEP katika kisiwa kidogo ni mtu wa kumheshimu.

## Hatua ya 4: Mkataba wa fremu

Tafuta fremu kati ya Novemba na Januari. Wakati huo wenye nyumba hufanya hesabu za mwaka uliokwisha, na mpangaji aliyeshindwa msimu uliopita huamua kuondoka.

Mkataba wa pango la biashara nchini Ugiriki una muda wa chini wa miaka mitatu kwa mujibu wa sheria. Jambo hili linakulinda na linakufunga kwa pamoja, hivyo soma kwa makini kipengele cha kuvunja mkataba. Mwenye fremu lazima autangaze mkataba katika mfumo wa AADE nawe uukubali humo. Karatasi iliyosainiwa mkahawani, hata ikiwa na mashahidi wanne, haitakusaidia wakati wa kusajili duka. Akikuomba utangaze nusu ya kodi na nusu umpe mkononi, kataa kwa upole. Ile nusu isiyotangazwa hutaweza kuiingiza katika gharama zako, na utailipia kodi ya mapato kana kwamba ni faida.

Unaweza pia kudaiwa kilemba, yaani malipo ya mkupuo ya kuachiwa fremu, ama na mwenye fremu ama na mpangaji anayetoka. Kabla ya kulipa, uliza unalipia nini hasa: rafu, kiyoyozi, jina la duka, au hewa tupu. Kilemba cha fremu iliyo katika kichochoro cha Chora kisichopitwa na wanaokwenda kituo cha basi ni fedha iliyotupwa.

Simama mbele ya fremu hiyo na ukague mambo matatu. Jua la saa tisa alasiri linapiga wapi, maana litapausha vitambaa vyote vilivyoning'inizwa mlangoni? Upepo wa meltemi, unaovuma kutoka kaskazini mwezi Julai na Agosti, unaingia moja kwa moja au unazuiwa na ukuta? Na gari linafika mpaka wapi? Katika miji mikuu mingi ya visiwa vya Cyclades magari hayaingii vichochoroni, na kila boksi litabebwa kwa mkono kupanda ngazi.

Onyo: vijiji hivi vingi vimehifadhiwa kama makazi ya asili. Rangi ya mlango, kibao cha jina, mwavuli wa nje na hata taa vinaweza kuhitaji idhini. Usimwite fundi kabla ya kupata jibu la maandishi.

## Hatua ya 5: Sajili biashara

Kwa duka la mtu mmoja, biashara binafsi inatosha na ni nafuu zaidi kuiendesha. Kampuni binafsi ya aina ya IKE inaweza kuanzishwa kwa mtaji wa euro moja, lakini uhasibu wake una gharama kubwa zaidi. Mhasibu atachagua misimbo ya aina za shughuli zako, atatangaza kuanza kwa biashara AADE, atakusajili katika daftari la biashara la GEMI na katika mfuko wa hifadhi ya jamii wa EFKA. Duka linalouza chakula au vinywaji huongezewa taarifa kwa mamlaka za afya na cheti cha zimamoto, na hilo pekee laweza kuongeza wiki kadhaa.

Muulize mhasibu mambo haya kwa majina yake, kwa kuwa ndiyo huwashtua watu mwaka wa pili.

Mchango wa EFKA hulipwa kila mwezi, Januari kama Agosti, duka likiwa wazi au limefungwa. Daraja la chini la kawaida linazidi euro 230 kwa mwezi. Kuna daraja maalumu lenye nafuu kwa miaka mitano ya mwanzo.

Kodi ya mapato huanza kwa asilimia 9 kwa euro 10,000 za kwanza, nayo huambatana na malipo ya awali ya kodi ya mwaka unaofuata, asilimia 55, yanayopunguzwa kwa nusu katika miaka mitatu ya mwanzo. Kwa maneno mengine, bili ya kwanza hubeba mwaka mmoja na robo ya mwingine. Aliyemaliza fedha zote kununua bidhaa za msimu wa pili huumia hapa.

Aidha, sheria namba 5073 ya 2023 inawakadiria waliojiajiri kipato cha chini hata kama hesabu zao zinaonyesha kidogo zaidi. Biashara mpya zimeachwa huru kwa miaka mitatu ya mwanzo, na wenye makazi makuu katika visiwa vyenye wakazi chini ya 3,100 hupunguziwa makadirio hayo kwa nusu.

Kufaulu kunaonekana pale mashine ya risiti na mashine ya kadi zinapounganishwa, nawe unatoa risiti ya majaribio ambayo mhasibu anaiona kwake siku hiyohiyo.

## Hatua ya 6: Agiza bidhaa

Wasomaji wetu wengi hufikiria kuuza bidhaa za nyumbani: kikoi, vikapu, viungo, vinyago. Wazo ni zuri, kwani kikoi ni kitambaa cha ufukweni kwa asili yake na hakichukui nafasi kubwa kwenye boksi. Ila pitia forodha kichwani kwanza.

Utahitaji namba ya EORI ili kuingiza bidhaa. Mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na bidhaa zenye asili ya Kenya huingia bila ushuru. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zina nafuu hiyo kupitia mpango wa nchi zenye maendeleo duni. Sharti ni uthibitisho wa asili. Kanga nyingi tunazovaa huchapwa India, na kitambaa kilichofumwa India kisha kikakunjwa tu Mombasa hakigeuki kuwa cha Kenya. Mwulize mwuzaji wako nani amefuma, na umwombe tamko la asili kwenye ankara. Kwa shehena inayozidi euro 6,000 kutoka Tanzania, mwuzaji mwenyewe lazima awe amesajiliwa katika mfumo wa wauzaji nje wa Umoja wa Ulaya.

Ushuru ukisamehewa, VAT haisamehewi. Hulipwa forodhani na kurudishwa baadaye kwenye hesabu zako, hivyo fedha hiyo iwepo siku mzigo unapofika Piraeus.

Vinyago vya mpingo vinahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu mti huo umo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017. Uliza kuhusu vibali kabla ya kuagiza. Kome, matumbawe na ngozi za wanyama, achana navyo kabisa. Vitambaa lazima viwe na lebo ya Kigiriki inayotaja nyuzi, na tangu Desemba 2024 jina na anwani ya mwingizaji, yaani wewe, vinapaswa kuonekana kwenye bidhaa au kifungashio chake.

Kutoka Piraeus, mizigo hupelekwa kisiwani na kampuni za malori yanayopanda meli. Tunza kila ankara ya usafirishaji: serikali ina mpango ulioanza 2018, uitwao Metaforiko Isodynamo, unaowarudishia wafanyabiashara wadogo wa visiwani sehemu ya gharama hizo.

Agiza nusu tu ya unachodhani utauza. Nusu nyingine iagize Mei, ukishaona mikono ya wateja inashika nini.

## Hatua ya 7: Panga bei kwa hesabu

Kiwango cha kawaida cha VAT Ugiriki ni asilimia 24. Leros, Lesbos, Kos, Samos na Chios hutumia asilimia 17, na Septemba 2025 serikali ilitangaza kupanua punguzo hilo hadi visiwa vingine vidogo vya Aegean Kaskazini na Dodecanese. Amorgos, iliyo Cyclades, hutozwa 24.

Chukua kikoi unachokiuza euro 24.80. Ndani yake VAT ni 4.80, zimebaki 20. Kama kununua na kusafirisha kumekugharimu 8, unabaki na 12. Sasa tuseme kwa mwaka unalipa fremu 6,000, EFKA 2,880, mhasibu 1,200, na umeme, bima, intaneti na mashine 1,920. Jumla ni euro 12,000, maana yake lazima uuze vikoi 1,000 kabla hujajilipa hata mkate. Kwa msimu wa siku 120, ni vinane au tisa kila siku, zikiwamo siku ambazo meli hazikuja. Weka tarakimu zako halisi katika mpangilio huu. Zikikataa, badilisha bidhaa au fremu kabla ya kusaini.

## Hatua ya 8: Fungua, na uajiri kwa utaratibu

Fungua asubuhi, funga saa nane mchana, rudi jioni hadi usiku. Saa za mapumziko ya alasiri ni za kisheria, na jirani anayeamshwa na muziki wako atakumbuka. Mauzo mengi ya zawadi hufanyika baada ya jua kuzama, watu wakiwa wametoka ufukweni na kuoga.

Toa risiti kwa kila senti. Wakaguzi huja visiwani Julai na Agosti kama watalii wengine, na kuacha kutoa risiti kwaweza kufunga duka kwa saa 48 katikati ya msimu.

Ukiajiri, msajili mfanyakazi katika mfumo wa ERGANI kabla ya saa ya kwanza ya kazi, hata akiwa mtoto wa shangazi yako aliyekuja likizo. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa euro 880 kwa mwezi kuanzia Aprili 2025, na kwa mwaka mishahara huhesabiwa kumi na minne kwa sababu ya nyongeza za Krismasi, Pasaka na likizo.

## Hatua ya 9: Funga msimu Oktoba

Hesabu bidhaa zote kabla ya kupunguza bei, ili ujue kipi kiliuzwa chenyewe na kipi kilisukumwa. Tenga fedha za EFKA hadi Aprili na makadirio ya kodi katika akaunti ya pili. Osha kwa maji safi chumvi ya bahari iliyokwama kwenye bawaba, kausha, kisha paka mafuta. Vitambaa vifungwe katika mifuko isiyopitisha hewa, kwani unyevu wa majira ya baridi katika nyumba za mawe huleta ukungu kufikia Desemba. Mwenye fremu umlipe kwa wakati hata duka likiwa limefungwa, na ukimaliza mwezi Novemba nenda kanywe kahawa na wenye maduka mengine, ambao sasa wana muda wa kukueleza nani anaacha fremu yake.